Utalii wa ndani hauanzii Serengeti

Takwimu za utalii za mwaka 2024 zilipotangazwa, kwamba watalii wa ndani wa Tanzania wamefika 3,218,352, nderemo zilikuwa nyingi na hazikuwa za bure. Mwaka 2021 idadi hiyo ilikuwa 788,933 tu. Mwaka huohuo wa 2024, tarehe 14 Juni, treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa nauli ya shilingi 13,000 daraja la kawaida, na mtu wa Buguruni au Mbagala akaweza kuondoka nyumbani alfajiri, akafika chini ya milima ya Uluguru asubuhi, akatembea mchana kutwa na kurudi kulala kwake. Mambo haya mawili yamesomwa pamoja na kupewa tafsiri moja: Mtanzania ameamka, ameanza kupenda wanyamapori, na kilichobaki ni kumhimiza zaidi aende Serengeti, Ngorongoro na Mikumi. Tafsiri hiyo naiona ina kasoro, na kasoro yenyewe si ndogo, kwa sababu itatufanya tumwage fedha na matangazo mahali ambapo utalii wa ndani hauwezi kushika.

Hoja yangu ni hii. Mwananchi wa kipato cha kawaida atajenga mazoea ya kutalii kupitia hifadhi ndogo iliyo karibu naye, anayoifikia kwa nauli ya basi au treni na kwa miguu yake mwenyewe, na inayompa mambo mawili kwa mpigo: mandhari ya kutuliza macho, na habari za watu walioishi pale, wakalima pale, wakapigana pale na kuzikwa palepale. Mandhari tunayo ya kutosha. Habari za watu ndizo tulizozitoa nje ya lango kwa zaidi ya miaka 100, na hatujazirudisha. Tazama mwenendo wa takwimu zenyewe. Mwaka 2022 watalii wa ndani walikuwa 2,363,260, mwaka 2023 wakashuka hadi 1,985,707, kisha 2024 wakaruka tena juu. Desturi iliyokomaa haipungukiwi na karibu watu laki nne ndani ya mwaka mmoja. Mwenendo huo unafanana zaidi na watu wanaoitikia msukumo wa mwaka fulani kuliko watu ambao safari imekuwa sehemu ya maisha yao.

Kuelewa tulivyofika hapa, inabidi turudi mwaka 1896, pale gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alipotoa amri ya kutenga maeneo ya kwanza ya kuhifadhi wanyama katika koloni hili, mojawapo likiwa upande wa Rufiji. Miaka tisa baadaye nchi hiyohiyo ya kusini ikawaka moto wa Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro Agosti 1905, lakini vita viliendelea hadi 1907, na jeshi la Wajerumani likaamua kuchoma vijiji na maghala ya chakula. Njaa iliyofuata, ambayo wazee waliikumbuka kwa jina la fugufugu, iliua watu wengi kuliko risasi. Waliokufa kwa jumla wanakadiriwa kufikia 250,000 hadi 300,000. Mashamba yakarudi kuwa pori, na pori likawaleta tembo na mbung'o. Kisha, katika miaka ya 1940, serikali ya Waingereza ikawahamisha watu waliosalia katika sehemu kubwa ya Liwale, sababu iliyotajwa ikiwa ni malale, na ardhi yao ikaingizwa katika pori la akiba la Selous. Pori lenyewe lilipewa jina la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa Beho Beho Januari 1917 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kaburi lake wageni huonyeshwa hadi leo. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Anayeingia leo huambiwa kuwa yuko katika nyika ambayo mkono wa binadamu haujaigusa. Umeigusa sana. Ni makwao Wangindo, na ukimya wake una tarehe na una wahusika.

Serengeti nayo ina habari ya aina hiyo. Ilikuwa hifadhi ya taifa tangu 1951, na mwaka 1959 mipaka yake ilikatwa upya, Wamaasai waliokuwa wakiishi humo wakahamishiwa upande wa Ngorongoro. Katika miamba ya Moru bado ipo michoro yao ya ngao na lile jiwe linalolia kama kengele likigongwa. Wageni hupelekwa kulipiga, wakapiga picha, wakaondoka. Nani alilipiga kabla yao, kwa sababu gani, na kwa nini hayupo tena pale, ni maswali ambayo dereva anaweza kuyajibu au asiyajibu, kutegemea alikozaliwa na hamu yake mwenyewe ya kujua.

Niliwahi kufuatana na kundi la wanafunzi katika hifadhi moja ya msitu. Muongozaji wetu alikuwa kijana hodari, anayetaja majina ya kisayansi ya miti bila kusita. Katikati ya msitu tukakuta mwembe mkubwa, mkongwe, shina lake watu watatu hawalikumbatii. Binti mmoja akauliza, "Huu umepandwa na nani?" Akajibiwa kwamba upo tu, ni wa asili. Lakini mwembe hauoti wenyewe katika misitu yetu ya asili. Ulikuja na watu, na popote unapoukuta mzee namna ile porini, pamoja na mkwaju na vipande vya vyungu, ujue umesimama uani kwa mtu. Simlaumu kijana yule hata kidogo. Alifundishwa ndege, wanyama na miti, na alivijua. Hakuna aliyemfundisha kwamba uani kwa mtu nako ni sehemu ya hifadhi.

Uhuru ulipokuja hatukubadili sana mtazamo huo, na sababu zilikuwepo. Septemba 1961, katika Azimio la Arusha la uhifadhi, lile la wanyamapori ambalo watu hulichanganya na la 1967, Mwalimu Nyerere aliahidi dunia kwamba Tanganyika itawalinda wanyama wake kama urithi na kama rasilimali ya kuendeshea maisha ya baadaye. Nchi ilikuwa maskini, ilihitaji fedha za kigeni, na mgeni mwenye fedha hizo alikuja kuona simba, twiga na tembo. Hifadhi zikapangwa kwa ajili yake: barabara za magari, hoteli za ndani ya hifadhi, vibao vya Kiingereza, waongozaji waliofunzwa tabia za wanyama. Mpango huo umefanikiwa na sina sababu ya kuubeza. Watalii wa nje waliofika mwaka 2024 walikuwa zaidi ya milioni mbili, na fedha zao zinalipa mishahara ya askari wa uhifadhi katika hifadhi ambazo zenyewe haziingizi kitu. Tatizo linaanza tunapochukua mpango uliokatwa kwa kipimo cha mtu wa Hamburg au Chicago, tukapunguza kiingilio, halafu tukashangaa kwa nini haumkai sawasawa mtu wa Kibaha.

Hapo ndipo inapozuka hoja ambayo naisikia kila mara na ambayo naiona dhaifu kuliko zote: kwamba Mtanzania hana utamaduni wa kutalii. Kiingilio cha raia katika hifadhi nyingi za taifa, wanasema, ni shilingi 5,000 hadi 10,000 kabla ya kodi, wakati mgeni analipa makumi ya dola, na bado raia haendi. Kwa hiyo hapendi. Hoja hii inasahau historia ya watu wetu ya kusafiri kwa ajili ya mahali. Pango la Kolelo, kusini mwa Uluguru, lilivuta Waluguru, Wakutu na Wazaramo waliotembea siku kadhaa kwenda kuomba mvua na mavuno. Ndani ya Hifadhi ya Katavi upo mkwaju ambao wenyeji humwekea sadaka mzimu wa mwindaji Katabi, na hifadhi nzima inabeba jina lake. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, bado ni mahali pa matambiko kwa watu wa Kolo na vijiji vya jirani. Pwani watu husafiri kwa ziara kwenye makaburi ya mawalii. Kila Desemba barabara ya kwenda Moshi hujaa Wachaga wanaorudi kuiona migomba ya kihamba walichozaliwa. Atakayesema kwamba hizo ni ibada na undugu, si utalii, atakuwa sahihi kwa kiasi, lakini atakuwa amenisaidia kuliko kunipinga. Watu hawa wanatumia fedha na nguvu kwenda mahali kwa sababu mahali hapo panawahusu. Mapenzi ya safari hayajawahi kukosekana. Kinachokosekana getini ni jambo linalomhusu anayefika.

Hoja ya gharama ina uzito zaidi, na wanaoisema wako karibu na ukweli. Kiingilio ni nafuu, lakini kiingilio ndicho sehemu ndogo ya safari. Chukua abiria wetu wa SGR anayeshuka Morogoro na kutaka kwenda Mikumi. Ana zaidi ya kilomita 100 za barabara mbele yake. Akifika langoni hawezi kuingia kwa miguu. Lazima awe ndani ya gari, na kukodi gari la kuzungukia hifadhi kwa siku moja kunameza kiingilio chake mara nyingi. Asipokuwa na wenzake wa kuchangia, safari imeishia stesheni. Hii ndiyo maana sehemu kubwa ya safari za ndani huwa za makundi: shule, kwaya, vikoba, wafanyakazi wa ofisi moja waliokodi Coaster. Mtu mmoja na mkewe, au mama na wanawe wawili, hawana nafasi ya kawaida humo. Lakini wanaoishia kwenye gharama wanakosea wanapopendekeza kwamba dawa ni kushusha kiingilio zaidi. Hata kikiwa bure, gari litabaki na bei yake. Dawa ni kumpa huyu mtu mahali ambapo gari halihitajiki.

Na mahali hapo anapaona kwa macho yake akiwa bado ndani ya treni. Milima ya Uluguru imeusimamia mji wa Morogoro, vilele vyake vikubwa vikipita mita 2,600, na msitu wake wa juu, uliokuwa umewekewa mipaka tangu enzi za Wajerumani, ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na sasa uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Baadhi ya ndege na mimea yake haipatikani popote duniani ila pale. Unaanza kupanda ukiwa mjini, unapita mashamba ya mboga yaliyoning'inia kwenye miteremko, unapishana na akina mama wanaoshuka na mizigo ya ndizi na kabichi kichwani, hadi Morningside, lile jumba la enzi za Wajerumani ambako hewa inabadilika na mji wote unaonekana chini kama umetandikwa. Juu zaidi unaingia msituni kuelekea Bondwa. Maji yanayotiririka kando ya njia yanaingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayopeleka maji Dar es Salaam. Abiria wetu ameyanywa maji haya na kuyaogea maisha yake yote bila kujua yanatoka wapi. Nikiulizwa mtoto wa Dar aonyeshwe nini kwanza, simba au chanzo cha maji yake, sitafikiri mara mbili.

Ila Uluguru haiishii kwenye maji na ndege, na hapa ndipo pananiuma. Miteremko ile ndiyo iliyobeba moja ya migogoro mikubwa ya siasa za vijijini kabla ya uhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi ilikuwa sayansi nzuri. Shambani ilikuwa kazi nzito isiyo na malipo, juu ya ardhi ambayo kwa mila ya Waluguru hurithiwa kupitia ukoo wa mama, na matuta yenyewe mara nyingi yalipindua udongo mfu kuuleta juu na kuufukia ule wenye rutuba. Watu walilalamika, hawakusikilizwa. Julai 1955, Matombo, umati ulikabiliana na maofisa wa serikali, polisi wakafyatua risasi na mtu akauawa. Mpango wa matuta ukafa, na TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja, ikapata masikio milimani. Anayepanda leo anaitazama miteremko ileile. Ukimweleza kilichotokea, ataangalia kila shamba kwa jicho jingine, na atauliza maswali mazuri kuhusu uhifadhi: nani anaamua, nani analipa gharama, mkulima ana sauti gani. Usipomweleza, ataona kijani, atapiga picha, ataondoka akisema kuzuri.

Ongeza Kinole, makao ya ukoo wa machifu Kingalu, walioheshimiwa kwa mvua, ambao jina lao limeandikwa kwenye soko kuu la Morogoro na wanunuzi wengi hawajui ni la nani. Ongeza Kisabengo na binti yake Simbamwene, waliotawala mji uliozungushiwa ukuta katika njia ya misafara ya karne ya 19. Ongeza Mazimbu, ambako mwaka 1978 wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa ANC walianza kujenga Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu na ambako makaburi yao yapo. Hayo yote yanafikika kwa bodaboda au daladala kutoka mjini, na huweza kuunganishwa na matembezi ya mlimani katika siku mbili za mwisho wa wiki bila kukodi gari la wazi wala kulala hoteli ya dola.

Pugu ni mfano wa karibu zaidi kwa watu wa Dar. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, na kwa miaka mingi mkaa umeukata kila upande kwa ajili ya majiko yetu ya mjini. Wengi wanaokwenda hufuata mapango ya popo, ambayo kwa kweli ni mahandaki yaliyoachwa na uchimbaji wa kaolini, ule udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri. Mlango kwa mlango na msitu huo kuna shule ya Pugu, zamani Mtakatifu Francis, ambako Julius Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili kuitumikia TANU. Januari 1889, katika vita vya Abushiri, misheni ya Wajerumani ya hapohapo Pugu ilishambuliwa. Na katika vilima hivyohivyo ndimo unamoanzia mto Msimbazi, ule unaofurika Jangwani na kufunga Barabara ya Morogoro kila mvua inapozidi. Mkazi wa Dar akipanda Pugu akaona vilima vinavyokwanguliwa miti, halafu akakumbuka Jangwani ilivyojaa maji mwezi uliopita, hana haja ya kuhubiriwa umuhimu wa misitu. Ameuona mwanzo na mwisho wa jambo moja.

Na huko Amani, Muheza, mkoani Tanga, mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakajaribu mamia ya mimea kutoka duniani kote, ukiwemo mkwinini wa kutengenezea dawa ya malaria. Baadhi ya miti waliyoileta wageni wale na waliowafuata ilitoroka bustanini. Mti uitwao Maesopsis umeenea Usambara Mashariki kiasi kwamba wasiojua huudhani ni wa asili. Kituo cha wageni cha Sigi ni nyumba ya mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani iliyofanyiwa ukarabati. Pale Amani huwezi kutenganisha ikolojia na historia hata ukitaka. Msitu wenyewe ni kumbukumbu ya nani alipanda nini na kwa faida ya nani.

Sasa nije kwa wapinzani wenye hoja nzito, kwa sababu wapo. Wa kwanza ni watu wa uhifadhi, wanaosema kwamba kazi ya hifadhi ni kulinda viumbe, na umati wa watu wa mjini katika misitu midogo utaleta chupa za plastiki, moto, muziki mkubwa na njia za mkato. Hofu hiyo ni ya kweli. Msitu wa hekta chache haubebi watu wengi, na Pugu tayari ina majeraha ya kutosha. Lakini msitu huo hauliwi na watembezi. Unaliwa na mkaa na upanuzi wa makazi, mambo yanayostawi vizuri mahali ambapo hakuna anayepita wala anayejali. Watembezi wanaofuata njia zilizopangwa, kwa idadi inayojulikana, ni macho ya ziada. Gharama ya kuzoa taka ni ndogo kuliko gharama ya kupoteza msitu ambao wakazi milioni kadhaa wa jirani hawajui kama upo.

Wa pili ni watu wa mapato, na hawa siwezi kuwashinda moja kwa moja. Ni kweli kwamba mgeni mmoja wa Serengeti huingiza fedha kuliko basi zima la watembezi wa Uluguru, na kila shilingi inayohamishwa kutoka hifadhi kubwa ina maumivu. Sipendekezi kuhamisha. Napendekeza tukubali kwamba haya ni mambo mawili yenye malengo mawili. Utalii wa nje unatafuta fedha. Utalii wa ndani unatafuta raia wanaoijua nchi yao na watakaoitetea misitu yake wakati wa uamuzi, katika mkutano wa kijiji au kwenye sanduku la kura. Janga la korona mwaka 2020 lilituonyesha kinachotokea mgeni asipokuja: hifadhi zilibaki wazi na hoteli tupu. Nchi yenye raia waliozoea kutembelea hifadhi zake inapata pa kushikia siku kama hizo. Ukiupima utalii wa ndani kwa dola pekee utaonekana hasara daima, na mwisho wake ni kuuacha uwe tukio la kampeni.

Wa tatu huzungumza kwa sauti ya chini, lakini nadhani ndio wenye nguvu kuliko wote. Wanaogopa kwamba ukikubali hadharani kuwa Wangindo waliishi ndani ya Selous, au ukaweka jiwe la kumbukumbu penye uani wa mtu, umefungua mlango wa madai ya ardhi. Katika nchi ambayo suala la kuhamishwa kwa wakazi wa Ngorongoro limekuwa chungu kiasi hiki, hofu hiyo inaeleweka. Lakini wazee wanaodai hawajasubiri jiwe ili wakumbuke. Wajukuu wao wanajua mito kwa majina ambayo hayamo kwenye ramani za watalii. Kunyamaza kwa serikali kunawaachia wao peke yao historia hiyo, ikiwa imechanganyika na uchungu, na kunawanyima Watanzania wengine nafasi ya kuielewa. Kuna njia ya kutambua bila kurudisha mipaka nyuma: kuzitaja koo, kuyatunza makaburi, kuruhusu matambiko kwa utaratibu kama inavyofanyika Kondoa, kuajiri wasimulizi kutoka vijiji vilivyohamishwa. Kilimanjaro tayari tumefanya sehemu ya kazi hiyo. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesemekana kuwaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, Wazungu wa kwanza kufika kileleni, mwaka 1889, anatajwa pamoja nao siku hizi, wakati kwa miaka mingi mlima ulisimuliwa kama vile wale wawili walijipeleka wenyewe. Mlima haukupungukiwa na kitu kwa kumtaja.

Jambo linalonipa matumaini ni kwamba kwenye karatasi, serikali imeshaunganisha mambo haya. Miaka michache iliyopita usimamizi wa vituo kadhaa vya malikale ulikabidhiwa taasisi za uhifadhi: magofu ya Kilwa yakaenda TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, Kaole ya Bagamoyo ikaenda TFS, mapango ya Amboni yakaenda Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Wapo waliolalamika kwamba mtu wa misitu hawezi kutunza msikiti wa karne ya 13. Wana haki ya kudai awepo mwanaakiolojia. Lakini muungano huo una maana kubwa kuliko urahisi wa kiofisi: taasisi ileile inayotunza Uluguru, Pugu na Amani inatunza pia magofu, na kwa hiyo haiwezi tena kusema historia si kazi yake.

Ikiwa hoja hii ina mashiko, yanayofuata si ya gharama kubwa. Shirika la reli na TFS wangeweza kupanga tiketi moja ya mwisho wa wiki, treni na kibali cha mlimani pamoja, badala ya kumwacha abiria aulizie mwenyewe mahali pa kulipia. Leseni za kuongoza watu zingetolewa kwa mitihani inayopima historia ya eneo sawasawa na majina ya ndege, na mzee wa Kinole asiyejua Kiingereza asizuiwe kuongoza Watanzania wenzake. Vibao viandikwe Kiswahili kwanza. Sehemu ya kiingilio ibaki kijijini mahali inapoonekana, kwenye darasa au kisima, ili mkulima wa mteremkoni aone kwamba mpita njia ana faida kwake. Shule za Dar zinazochangisha wazazi fedha za safari ya mbali mara moja kwa mwaka zingeweza kwenda Pugu kila muhula kwa nauli ya daladala, mwalimu wa jiografia na wa historia wakifuatana. Na takwimu zitakazotangazwa zitenganishe safari za makundi na za watu binafsi, na zionyeshe waliorudi mara ya pili, kwa sababu mtu anayerudi ndiye anayetuonyesha kwamba mazoea yameanza.

Lakini ipo kazi inayotangulia zote hizo na haiwezi kungoja bajeti. Aliyekuwa na miaka kumi siku ile ya Julai 1955 kule Matombo sasa amepita themanini. Watoto waliobebwa mgongoni kutoka vijiji vya Liwale katika miaka ya 1940 waliobaki ni wachache mno. Morogoro ina vyuo vikuu viwili vikubwa na wanafunzi wengi wenye simu zinazorekodi sauti. Kabla ya lango jipya kujengwa na kabla ya kibao kimoja kuchorwa, wapelekwe kiangazi hiki Matombo, Kinole na Liwale, wakae na wazee, waandike majina ya mito, ya mashamba na ya waliohamishwa, na nakala zibaki vijijini na katika ofisi za hifadhi zinazohusika.